Ukimya wa Chumba

Mwenzenu tangu Jumamosi sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, na yeyote nitakayekutana naye, hata muuza vocha wa pale kona, namwambia: unamjua Baba Mdogo wangu? Yuko kwenye filamu. Si kupita nyuma amebeba ndoo, hapana. Filamu yote ni yeye. Watu walijaa ukumbini kumtazama, na wengine walitoka na macho mekundu wakisingizia vumbi. Nimeshukuru mpaka sijui nianze na nani, kwa hiyo acha nieleze tangu mwanzo, mtaona wenyewe foleni ya kushukuriwa ilivyo ndefu.

Baba Mdogo ni mdogo wake baba yangu, wale wa kufuatana. Nakaa kwake tangu nilipoingia chuo, kwanza kwa sababu ni karibu, pili kwa sababu Mama Mdogo, mkewe, alikataa katakata nilale hosteli. Ni mtu wa kawaida kabisa. Shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, viatu vinang'aa, sauti ya chini. Mkipanda naye lifti mtashuka bila kukumbuka kama kulikuwa na mtu.

Kazi yake ni kampuni ya maji. Si fundi, si mhasibu. Yeye ni dirisha la malalamiko. Nasema "ni" kwa sababu watu wanamwita hivyohivyo, hata kwa simu: naongea na dirisha? Bomba likipasuka, maji yakitoka rangi ya chai, mfereji ukikauka siku una wageni, hutaenda kwa aliyesababisha, utaenda kwake. Utainama kwenye kale katundu ka mviringo kwenye kioo, utamwaga yote uliyokuja nayo, na mengine uliyoanza nayo nyumbani kwako asubuhi yasiyohusu maji. Naye atakusikiliza mpaka tone la mwisho, kisha atasema, "Pole sana. Nimekuelewa."

Amefanya hivyo tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Kila mwaka kampuni inampa ngao ya mbao, Mfanyakazi Mvumilivu. Ziko nyingi. Mama Mdogo moja anaizuilia mlango wa jikoni usijibamize na upepo, nyingine ameikalisha chini ya mguu wa friji.

Sasa, huu mwaka tukaanza kuona mambo. Jicho lake la kushoto likawa linacheza lenyewe. Akirudi kazini haingii ndani, anakaa kwenye ngazi za nyuma na viatu vyake miguuni, anatazama ukuta wa jirani kama anasoma kitu. Ukimuuliza, hamna shida. Wali umeungua, hamna shida. Paka wa jirani kalala juu ya shati lililotoka kupigwa pasi, hamna shida, atafute tu lingine. Mama Mdogo akaja kuniambia, huku anaangalia nyuma asisikiwe, kwamba mumewe ameanza kuongea usingizini. Nikadhani anataja jina la mtu, nikakaa vizuri nisikie. Kumbe anampa pole. Mwanamke wa watu amelala zake, hajalalamika chochote, anaambiwa pole sana nimekuelewa.

"Huyu atapasuka," akasema Mama Mdogo. "Nakwambia mwanangu, huyu atapasuka kama puto, na sisi tutabaki kuokota vipande."

Bosi wake naye si mtu mbaya, na yumo kwenye foleni yangu ya shukrani. Ni mama mmoja wa miwani mikubwa, haongei sana. Alishaliona lile jicho linavyocheza. Akampa likizo ya lazima, na akampigia simu Mama Mdogo kumweleza kwamba kuna nafasi kwenye karakana ya mita, huko nyuma ya jengo, kazi ya kufungua mita mbovu na kuzisafisha, kimya, na dirisha lake linaangalia bustani. Nafasi ni yake akiitaka. Ila aje aseme mwenyewe kwa mdomo wake, maana wakubwa wa juu wanaamini anaipenda ile kazi yake na hawatamtoa kwa kusikia tetesi. Likizo ikiisha Jumatatu akarudi kimya, basi atakaa palepale na nafasi atapewa mwingine.

Unaona? Neno moja tu. Aseme amechoka. Na Baba Mdogo hasemi.

Tulimzunguka mezani mimi na Mama Mdogo, tukambembeleza, tukatania, tukanuna. Akatusikiliza mpaka mwisho, si ndiyo kazi yake, halafu akaweka kijiko chini.

"Nimepokea malalamiko ya watu miaka yote hii," akasema. "Leo na mimi nikalalamike? Dirisha gani hilo?"

Akainuka akaenda kwenye ngazi zake.

Hapo ndipo filamu ikaingia, na hapa mnivumilie maana mkono unakimbia kuliko akili. Mimi na wenzangu niliosoma nao chuo tulikuwa tunatengeneza filamu yetu ya kwanza. Mwongozaji ni rafiki yangu tunayemwita Kamanda, mfupi, ana sauti ya kumsimamisha ng'ombe. Hadithi aliandika mwenyewe: karani wa dirishani, mtu wa kawaida, anatukanwa kila siku na kila mtu mpaka yanamfika hapa, shingoni, halafu siku moja anavunja kioo cha dirisha lake na anapiga ukelele ambao hajawahi kuupiga. Msinitazame hivyo, naapa aliandika bila kumjua Baba Mdogo. Mwigizaji mkuu akatukimbia wiki tunayoanza, kapata tangazo la sabuni. Tukabaki na kamera, na jengo la kuazima, na hatuna karani.

Mama Mdogo ndiye aliyesema. Nilikuwa nasimulia tu kwa uchungu wangu, yeye anakuna nazi, akaacha kukuna. Akasema mchukueni huyu. Yuko likizo, hana kazi zaidi ya kutazama ukuta. Nikacheka. Hakucheka. Akaniambia nimpeleke akapige kelele huko kwenye filamu yetu, ya uongo siyo ya uongo, ilimradi itoke moja, maana ikitoka moja huenda na nyingine zitafuata, na Jumatatu akamwambia bosi wake hata nusu ya neno.

Baba Mdogo alikubali kwa sababu nilimwomba, na hajawahi kunikatalia kitu tangu nizaliwe. Aliuliza tu kama aje na kalamu yake.

Jengo letu lilikuwa kiwanda cha zamani cha uchapaji, bado kinanuka wino. Fundi wetu wa jukwaa alitujengea humo ofisi kamili: kaunta, benchi la wanaosubiri, saa ya ukutani isiyotembea, na dirisha la kioo lenye katundu kake. Na hicho kioo sasa, acha niwaambie, kilikuwa sukari. Kioo cha kweli kinakata watu, kwa hiyo cha filamu kinapikwa. Sukari, maji na sharubati nzito ya glukosi, unachemsha mpaka karibu kuungua, unamimina kwenye trei iliyopakwa mafuta, kinapoa kinakuwa kioo safi unachoweza kumpasulia mtu kichwani akacheka. Ndiyo maana fundi tulimwita Fundi Sukari. Alipika viwili. Kimoja kikapata ufa wakati wa kubeba. Kikabaki kimoja, nikapewa kazi ya kukilinda na sisimizi. Mimi, na digrii yangu, nimekaa na kibrashi nawapangusa sisimizi waliopanga mstari kama wateja. Kazi yangu rasmi ilikuwa kuangalia mfuatano, yaani kifungo kilichokuwa wazi asubuhi kisifungwe jioni, lakini sisimizi walinishughulisha zaidi.

Siku za mwanzo zilienda kama maji. Matukio yote ya uvumilivu, Baba Mdogo alikuwa haigizi, alikuwa kazini. Aliyemtukana alikuwa mwigizaji wa jukwaa tunayemwita Ngurumo, mkubwa kama kabati, sauti yake inatingisha vikombe. Moyo wake siagi. Anamporomoshea Baba Mdogo matusi mpaka mishipa inamtoka, Kamanda akisema kata tu, mbio analeta maji ya kunywa na kuomba radhi.

"Mzee wangu usinichukie, ni kazi tu."

"Hamna shida," anajibu Baba Mdogo. "Umetukana vizuri sana. Kuna mmoja wa kule kazini ungempenda."

Tukaacha tukio la kuvunja kioo mpaka Ijumaa, siku ya mwisho, jioni yake tulitakiwa kurudisha funguo za jengo. Mazoezi yake yalikuwa yananitia wasiwasi, sitawaficha. Ngurumo anatukana, Baba Mdogo anatakiwa asimame, achukue muhuri mzito wa chuma, apige kioo, apige kelele. Anasimama vizuri. Anachukua muhuri. Halafu anainamisha kichwa kwenye katundu na kusema pole sana, nimekuelewa. Anashtuka mwenyewe, anatuomba radhi wote mmojammoja mpaka mtu wa chai. Kamanda akasema siku yenyewe ikifika na kioo kipo, damu itachemka. Nyumbani Mama Mdogo ananiuliza kila nikirudi: bado? Namwambia bado. Anahesabu kwa vidole siku zilizobaki kabla ya Jumatatu.

Ijumaa tukafika asubuhi, Baba Mdogo ametutangulia. Amesimama mbele ya kaunta, mikono ya shati ameikunja, na ana kitambaa kibichi mkononi. Anasugua.

Sikilizeni. Huyu mtu kila siku ya kazi ya maisha yake, kabla hajakaa, anafuta kioo chake kwa kitambaa kibichi, kwa sababu watu wanapolalamika wanakitemea mate. Hakuna aliyemwambia asifute. Nani angewaza? Na sukari na maji mnavijua. Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheupe kama jicho la mgonjwa, kimelegea katikati, kitambaa kimenasa.

"Mwanangu," akaniambia, amenuna kidogo, "hiki kioo kina mafuta, hakitakati."

Fundi Sukari aliingia nyuma yangu, akaona, akakaa sakafuni palepale na mkoba wake wa vifaa mapajani. Ngurumo akajifunika uso, nikidhani analia, kumbe anajizuia kucheka. Baba Mdogo alipoelezwa, nilitamani nisimwone uso. Alikuwa kama mtoto aliyevunja chungu cha wageni. Akasema atakipika kingine yeye usiku kucha, afundishwe tu. Lakini usiku hatukuwa nao, funguo zinarudi jioni.

Kamanda, ambaye siku nyingine angeangusha dari kwa sauti, alitoka nje, akarudi uso umelowa maji, akasema toeni mabaki yote, tunafanya bila kioo. Fremu tupu. Apige kelele tu.

Tukajaribu. Jamani tulijaribu. Ngurumo alitukana mpaka akaishiwa akaanza kurudia. Wale walioigiza foleni wakaongeza yao. Baba Mdogo alisimama, akafungua mdomo, akakusanya pumzi tukamwona kifua kinapanda, na ikatoka sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Tena. Chumvi. Tena. Jicho la kushoto linacheza kama limepewa umeme. Mwishowe Kamanda akaja akamshika bega, akamwambia kwa upole inatosha, mzee, tutamaliza filamu kwa njia nyingine. Na mimi nikamwona Baba Mdogo anatikisa kichwa, hamna shida, nikajua Jumatatu itakuwaje. Nilitaka kukaa sakafuni pembeni ya Fundi Sukari.

Sasa. Kuna kitu kimoja cha kazi yetu ambacho watu wa nje hawakijui. Kabla hamjafungasha, mtu wa sauti lazima arekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake, hata mkinyamaza wote kuna mvumo, kuna ukuta unapumua, na bila huo ukichomeka maneno kwenye filamu yanasikika kama yanatoka kisimani. Na miili ya watu inabadilisha ukimya, kwa hiyo kila mtu anabaki alipokuwa, hakuna kusogea, hakuna kukohoa, dakika nzima. Mtu wetu wa sauti tunamwita Masikio, kijana mwembamba wa maneno machache, asiyesamehe hata tumbo linalonguruma. Akainua mkono. Akasema kila mtu mahali pake, ukimya wa chumba, na akitokea wa kupiga chafya atamjua yeye.

Tukanyamaza.

Mimi nilikuwa pembeni ya kaunta, kwa hiyo nilimwona vizuri. Baba Mdogo kwenye kiti chake. Mbele yake fremu tupu, na ng'ambo ya fremu Ngurumo, na nyuma ya Ngurumo foleni nzima, wote wanamtazama yeye kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamesimama. Midomo imefungwa.

Kwanza akawa anangoja. Akainamisha kichwa kidogo kuelekea pale katundu kalipokuwepo, sikio mbele, kama anavyofanya siku zote. Akamtazama Ngurumo kumpa moyo aanze. Ngurumo kimya. Akamtazama mama aliye nyuma yake. Kimya. Akaenda hivyohivyo mpaka mwisho wa foleni, uso mmojammoja, halafu akarudi mwanzo. Hakuna mwenye neno. Nadhani tangu aanze kazi hajawahi kukaa pale, watu wamemsimamia mbele, na hakuna anayemtaka kitu.

Mabega yake yakashuka. Mimi nimekula naye meza moja miaka yote na sikuwa najua kwamba yalikuwa juu. Yalishuka taratibu, kama mtu anatua mizigo na haamini kama sakafu ipo. Lile jicho likatulia. Na machozi yakaanza.

Yalikuja bila sauti, maana alishasikia Masikio akisema hakuna sauti, na yeye ni mtu wa kutii. Akabana mdomo. Akashika ukingo wa kaunta. Kisha ikamshinda. Ikatoka sauti sijui niifananishe na nini, kama droo iliyokwama miaka, mtu kaivuta na vyote vilivyomo. Kubwa. Vikombe vya chai vilitingishika, na safari hii haikuwa Ngurumo.

Dakika ya Masikio ilipita, mkono wake ukabaki juu. Hakuna aliyesogea. Ngurumo alikuwa analia bila kujifuta, kwa sababu kusogea kumekatazwa. Mimi nilitaka kumkimbilia Baba Mdogo, miguu ikakataa, na leo nashukuru ilikataa. Kama ningemkimbilia angeniambia hamna shida.

Alipomaliza akavuta pumzi ndefu, akatafuta leso, akamgeukia Masikio.

"Samahani kijana, nimekuharibia kazi."

Masikio akavua vile vidude vya masikioni. "Hujaharibu, mzee," akasema. "Ndio kwanza nimesikia kitu tangu wiki ianze."

Kamera ilikuwa haijazimwa. Mpiga picha wetu, dada mmoja tunayemwita Mrefu, alisema amesahau. Baadaye sana akaniambia kwamba hakusahau, alipoanza kuona mabega yale yanashuka, kidole chake kilikataa kugusa kitufe. Kwa hiyo ipo. Yote. Na Kamanda, ambaye nampenda kwa hili kuliko mengine yote, hakuruka juu. Alivuta stuli akakaa mbele ya Baba Mdogo akamweleza: tumekupiga picha bila kukwambia, ni yako, ukisema tufute nafuta sasa hivi unaona.

Baba Mdogo akafikiri. Akasema anataka mke wake aone kwanza.

Nikampigia simu Mama Mdogo, nikasema njoo tu, hakuna aliyeumia. Akaja na kanga ya jikoni, unga bado mikononi. Tukawaweka wawili mbele ya kile kiskrini kidogo, sisi tukajifanya tunafungasha. Nani alikuwa anafungasha. Nilikunja waya mmoja nikaukunjua nikaukunja tena. Mama Mdogo aliangalia mpaka mwisho, mkono wake mgongoni kwa mumewe, ukaacha alama ya unga kwenye shati. Halafu hakuongea. Yeye, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa kimya akamngoja.

"Nimechoka, bibie," akasema Baba Mdogo. "Nimechoka kabisa."

"Basi Jumatatu mwambie na bosi wako hivyohivyo," akasema Mama Mdogo. "Na usimpe pole."

Kamanda akauliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, kuhusu ile picha. Baba Mdogo akasema tuiache. Sharti moja tu, tusiweke muziki.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka getini, yeye na shati lake na kalamu yake. Jumapili nzima Ngurumo alikuwa amekuja nyumbani kujifanya bosi ili Baba Mdogo afanye mazoezi, ila alikuwa bosi mbaya mno, anakubali kabla hajaombwa. Kilichotokea ofisini nakijua kwa sababu tumesimuliwa kila mlo tangu siku hiyo. Aliingia, akasimama, akasema samahani kwa usumbufu, ni jambo dogo tu. Yule mama akamtazama juu ya miwani, akasema kama ni dogo basi lisubiri, watu wamejaa dirishani. Baba Mdogo anasema aligeuka kabisa. Alishika kitasa. Akakiachia. Akarudi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akasema si dogo. Akasema amechoka, hawezi tena kukaa pale hata leo, anaomba ile karakana. Yule mama akavua miwani, akasema nimekungoja uje kusema hivyo mpaka nimeota mvi. Na hakumrudisha dirishani hata kuchukua kikombe chake, alikwenda kukichukua mwenyewe.

Sasa yuko na mita zake. Anafungua, anasafisha, anafunga, anatazama bustani. Jicho limetulia. Usiku analala kama gogo, hampi mtu pole. Pale dirishani wamewaweka vijana wawili wanaopokezana, na kwa ushauri wake wanapumzika mchana.

Halafu, baada ya miezi ya kuhariri, Jumamosi hii iliyopita, filamu. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimekaa kati yake na Mama Mdogo, mikono yangu yote miwili imeshikwa, mmoja unavunjwa na huyu, mwingine na yule. Ilipofika ile dakika, Kamanda alikuwa ameheshimu neno lake, hakuna muziki, ni ukimya wa chumba tu, ule wenyewe wa Masikio, umejaa ukumbi mzima. Mtoto aliyekuwa anasumbua nyuma akanyamaza. Watu kama mia hivi wanamtazama mtu wa kawaida na hakuna anayemtaka kitu. Ilipokwisha walisimama. Baba Mdogo naye akasimama, akageuka nyuma kuangalia wanamsimamia nani.

Kamanda nakushukuru. Mrefu, kidole chako Mungu akitunze. Masikio, Ngurumo, Fundi Sukari uliyekaa sakafuni bila kumtukana mzee wangu, mama wa miwani, wote nawashukuru, hata yule wa tangazo la sabuni namshukuru, auze sabuni mpaka achoke. Ila hakuna kama Mama Mdogo. Na nilitaka kumaliza hapo, lakini bado ya leo asubuhi.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta Baba Mdogo mezani, ameanza. Siku hizi anaanza mapema. Chai haina sukari ya kutosha. Mto wake una kibonde upande mmoja, ameuvumilia tangu walipooana. Paka wa jirani apelekwe kwa jirani. Ile filamu ni nzuri lakini sikio lake la kulia limeonekana kubwa kuliko lilivyo na Kamanda aelezwe. Na mlango wa jikoni, hivi kwa nini unazuiliwa na ngao yake, hakuna jiwe nyumba nzima?

Nikamtazama Mama Mdogo, nikidhani amechoka naye. Alikuwa amevuta kiti karibu, ameegemeza kidevu kwenye kiganja, anamsikiliza kama redio ya mpira.

"Enhe," akamwambia. "Na nini kingine?"